Runinga Janja au Kompyuta ya Sebuleni? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa bidhaa na huduma za mawasiliano, Tabora



Utangulizi

Leo tutazungumzia swali ambalo watumiaji wengi hutuuliza, hasa baada ya malipo ya tumbaku au mauzo ya asali: "Nina fedha kidogo niliyoiweka. Je, ninunue runinga janja, au ninunue kompyuta niiunganishe na runinga niliyo nayo nyumbani?"

Wapo wanaolichukulia swali hili kuwa la anasa. Sisi hatulioni hivyo. Fedha inayotoka ni ya msimu mzima wa kazi, na inasubiriwa pia na ada ya shule, mbolea na bati la nyumba. Ikitumika vibaya haitarudi hadi msimu mwingine. Kwa sababu hiyo mnunuzi anastahili maelezo yaliyo kamili kuliko yale ya kwenye boksi.

Mji huu unalijua swali hili tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 waliukuta mji wa biashara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo za merikani na kaniki, nyaya za shaba na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulifika takriban frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Shanga zilikuwa za rangi na aina nyingi, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Shanga iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine hata ingekuwa nzuri namna gani. Mfanyabiashara mwenye busara aliuliza kwanza: huko ninakokwenda, kinachopokelewa ni kipi? Asiyeuliza alibebesha watu mzigo usiokuwa na soko.

Ushauri wetu wote wa leo umejengwa juu ya swali hilo. Kabla ya kuangalia uzuri wa kifaa, jiulize kinakwenda kufanya kazi wapi, na huko kitapokea nini.

Tunazungumzia vifaa gani?

Runinga janja ni runinga yenye kompyuta ndogo ndani yake. Ikiunganishwa na intaneti inaweza kufungua programu kama YouTube au Netflix bila kifaa kingine, na inaendeshwa kwa rimoti.

Kompyuta ya sebuleni ni kompyuta yoyote, ya mezani au mpakato, iliyounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI ili runinga iwe kioo chake. Watu huweka ndani yake filamu, muziki na mahubiri, wakaviendesha kwa programu za bure kama VLC au Kodi. Mtumiaji anaweza pia kufungua tovuti yoyote, kuandika barua na kufanya kazi za shule.

Ipo pia njia ya tatu inayosahaulika. Nayo ni runinga ya kawaida inayochomekewa kisanduku kidogo au kijiti cha intaneti kwenye tundu la HDMI. Tutairudia baadaye, kwa kuwa kwa kaya nyingi ndiyo yenye nafuu.

Swali la kwanza: Vipindi vitatoka wapi?

Vipindi huingia nyumbani kwa milango mitatu: antena au dishi, intaneti, na flashi. Kila mlango una masharti yake.

*Antena na dishi.* Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianza na Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo runinga isiyokuwa na kipokezi cha dijitali huhitaji king'amuzi. Runinga nyingi za siku hizi zina kipokezi ndani, lakini kipokezi hicho lazima kiwe cha mfumo unaotumika nchini. Tafuta maandishi DVB-T2 kwenye boksi na kwenye kibandiko kilichopo nyuma ya runinga. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, Japani au China huwa na mfumo mwingine, na antena yako haitaleta kitu. Tena runinga ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, ilhali wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo.

Hata runinga yenye DVB-T2 haifungui chaneli za kulipia. Hizo zinahitaji king'amuzi cha kampuni husika. Na stesheni zinazopatikana hutofautiana kati ya Tabora Mjini na vijiji vya mbali. Muulize jirani mwenye runinga ya aina unayoitaka anapata stesheni zipi. Kuuliza si ujinga.

Kwa upande wa kompyuta jibu ni fupi: kompyuta za kawaida hazina kipokezi cha matangazo. Anayenunua kompyuta kwa matumaini ya kuachana na king'amuzi atakuta bado anakihitaji kwa taarifa ya habari na mpira.

*Intaneti.* Hapa ndipo watumiaji wengi hupata mshangao. Runinga janja hununuliwa mara moja, lakini kifurushi hununuliwa kila mwezi. Kwa makadirio ya kawaida, saa moja ya video ya kiwango cha chini hutumia takriban GB 1. Ya kiwango cha juu, yaani HD, hufika GB 3. Na ya 4K hufika GB 7. Familia inayotazama saa mbili kila siku itatumia GB 60 kwa mwezi katika kiwango cha chini na GB 180 katika HD. Chukua bei ya kifurushi chako, fanya hesabu hiyo kabla ya kuingia dukani, kisha linganisha na malipo ya mwezi ya king'amuzi.

Kasi nayo ina kiwango chake. Video ya HD huhitaji angalau megabiti 3 kwa sekunde, HD kamili megabiti 5, na 4K megabiti 15. Kama simu yako ikiwa sebuleni kwako haifiki kasi hiyo saa mbili usiku, wakati watu wote wako mtandaoni, runinga inayopokea intaneti kutoka kwenye simu hiyo haitafika pia. Pima kwanza kwa simu. Ni kipimo kisicho na gharama kubwa, na kinaweza kukuokolea laki kadhaa za shilingi.

Katika jambo hili runinga janja na kompyuta ziko sawa: zote hula kifurushi kile kile kwa video ile ile. Tofauti ni kwamba kompyuta huweza kupakua somo au kipindi kinachoruhusiwa kupakuliwa pale penye intaneti nzuri, kama chuoni au kazini, kisha mkakitazama nyumbani bila kifurushi. Tahadhari nyingine: kompyuta hupenda kupakua masasisho yake kimyakimya. Iwekee mpangilio wa kuhesabu matumizi ya data, la sivyo kifurushi kitaisha kabla ya filamu kuanza.

*Flashi.* Huu ndio mlango unaotumiwa sana na watu wetu, na ndio unaowafanya wengi wadhani wanahitaji kompyuta. Ukweli ni kwamba runinga nyingi za kawaida zenye tundu la USB husoma video kwenye flashi, hata kama si janja. Zinachoshindwa ni baadhi ya mafaili, hasa yaliyobanwa kwa mfumo mpya wa HEVC, au pale flashi ilipoandaliwa kwa mfumo ambao runinga haiujui. Flashi yenye mfumo wa FAT32 nayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kompyuta haina mengi ya matatizo hayo. Husoma takriban kila kitu. Nenda dukani na flashi yako yenye mafaili unayoyatumia, na uombe ichomekwe mbele yako. Tunakumbusha pia kwamba kazi za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayezionyesha kwa kutoza kiingilio anahitaji kibali.

Swali la pili: Nani atakitumia?

Runinga hutumiwa na nyumba nzima. Bibi huwasha ili asikie habari, watoto huwasha wakitoka shule, wageni huwasha wenyewe. Kifaa ambacho kijana mmoja tu ndiye anayekijua kitazimwa siku kijana huyo atakaporudi chuoni.

Runinga janja ina faida kubwa hapa: rimoti moja, na kila mmoja anajua kuitumia. Kompyuta huhitaji kibodi na kipanya, huchukua muda kuwaka, na mara nyingine huuliza maswali ambayo mzee hana haja nayo. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani inaweza kuharibikiwa mafaili. Mpakato hustahimili zaidi kwa kuwa ina betri yake.

Kwa upande mwingine, kompyuta ina kazi ambazo runinga janja haiwezi. Mwanafunzi ataandikia ripoti yake, mwalimu ataandaa mitihani, mwenye duka ataweka daftari la mauzo, na chama cha msingi kitatunza orodha ya wanachama. Ikiwa kazi hizo zipo nyumbani mwako, kompyuta itarudisha gharama yake. Ikiwa hazipo, utakuwa umenunua kifaa cha kazi kumi ukitumie kwa moja.

Swali la tatu: Umeme utagharimu kiasi gani?

Runinga ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 50. Ikiwaka saa tano kwa siku, kwa siku 30, ni uniti 7.5 za umeme. Ukiongeza kompyuta ya mezani ya wati 80 kwa muda huo huo, unaongeza uniti 12, jumla uniti 19.5. Ukiongeza mpakato ya wati 30, unaongeza uniti 4.5 tu, jumla uniti 12.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini wapo ambao kwao si ndogo. Katika bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, bila kuhesabu kodi na tozo. Tuseme mambo mengine ya nyumbani hutumia uniti 65. Ukiwa na runinga peke yake unafika uniti 72.5, na malipo ni shilingi 7,250. Ukiwa na runinga na kompyuta ya mezani unafika uniti 84.5, na malipo ni shilingi 10,825. Uniti 12 zimeongeza shilingi 3,575, kwa sababu zimekuvusha mpaka wa 75. Kabla ya kununua, angalia bei zinazotumika sasa na kundi ulilomo, kisha urudie hesabu hii kwa matumizi yako mwenyewe.

Kwa nyumba zinazotumia sola, hesabu hii huamua kila kitu. Wapo wauzaji wa runinga zinazotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kwa familia ya namna hiyo kompyuta ya mezani haifai kabisa.

Vifaa vyote viwili vinahitaji kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Nunua kifaa cha kuzuia umeme wa kuzidi pamoja na runinga, usisubiri ya kwanza iungue. Na katika miezi ya mvua, radi inaponguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa antena pia. Wengi huchomoa wa kwanza na kuusahau wa pili, ilhali umeme wa radi huweza kupita njia zote mbili.

Swali la nne: Kitadumu kwa muda gani?

Hili ndilo jambo ambalo boksi halisemi. Ndani ya runinga janja mna vitu viwili vyenye umri tofauti: kioo, kinachoweza kuonyesha vizuri kwa miaka mingi, na ubongo, unaozeeka upesi. Ubongo huzeeka kwa kuwa wenye programu huzibadilisha, na siku moja huacha kuhudumia runinga za zamani.

Mifano ipo. Mwaka 2015 programu ya YouTube iliacha kufanya kazi kwenye runinga janja nyingi zilizotengenezwa mwaka 2012 na kabla ya hapo. Mwezi Desemba 2019 Netflix iliacha kuhudumia baadhi ya runinga za zamani za Samsung. Runinga hizo hazikuharibika. Vioo vyake viliendelea kuonyesha vizuri. Kilichokwisha ni ule ujanja waliouuziwa wenyewe.

Kompyuta nayo haijasalimika. Windows 10, iliyomo katika kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka nje, ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kompyuta hiyo bado inaweza kuonyesha filamu, na inaweza kuwekewa mfumo wa bure wa Linux, lakini si salama kufanyia malipo ya benki ikiwa haipati masasisho. Muulize muuzaji jambo hili wazi kabla ya kukubaliana bei.

Funzo tunalolipata ni hili: usilipe fedha nyingi zaidi kwa ajili ya ubongo. Lipa kwa ajili ya kioo kizuri. Ubongo ukizeeka, chomeka kisanduku au kijiti kwenye tundu la HDMI, na runinga itaendelea kutumika. Ndiyo maana tulisema njia ya tatu isisahaulike.

Lakini visanduku navyo si vyote salama. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa mitandao waligundua kuwa baadhi ya visanduku vya bei ya chini vya Android viliuzwa vikiwa tayari na programu hasidi ndani yake. Kisanduku kinachoahidi filamu zote na mipira yote ya dunia bure, bila malipo ya mwezi, kina mtu mwingine anayekilipia, na huenda malipo hayo ni taarifa zako.

Taarifa zako binafsi

Runinga janja huweza kukumbuka unachotazama na kupeleka habari hizo kwa mtengenezaji. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani, baada ya mamlaka za huko kuituhumu kukusanya taarifa za watazamaji bila ridhaa yao. Hapa nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, kinga ya kwanza iko mkononi mwako. Unapowasha runinga kwa mara ya kwanza, usibonyeze "Kubali" kila mahali bila kusoma. Yapo maswali unayoweza kuyakataa na runinga ikafanya kazi. Na ukiuza runinga au kompyuta, futa akaunti zako kwanza.

Ushauri wetu

Baada ya kupima yote hayo, tunawapa kanuni moja rahisi. Jiulize: *kama runinga isingekuwapo kabisa, ningenunua kompyuta hii?*

Ukijibu ndiyo, kwa sababu ina kazi ya shule au ya biashara, nunua kompyuta, ikiwezekana mpakato, na uiunganishe na runinga ya kawaida kwa waya wa HDMI. Utakuwa umepata vyote viwili.

Ukijibu hapana, usinunue kompyuta kwa ajili ya filamu. Nunua runinga yenye DVB-T2 na kioo kizuri. Kama intaneti yako imefaulu kipimo cha simu na kifurushi unakimudu, chukua janja. Kama sivyo, chukua ya kawaida, na tofauti ya bei iende kwenye kinga ya umeme na antena nzuri.

Tutoe mifano mitatu. Mkulima wa Urambo mwenye watoto wa shule ya msingi, anayetazama habari na kanda za kwaya kwenye flashi, anatosheka na runinga ya kawaida. Mwalimu wa Tabora Mjini mwenye kijana wa chuo atafaidika zaidi na mpakato na runinga aliyo nayo. Mwenye kibanda umiza anayeonyesha mpira anahitaji kioo kikubwa na king'amuzi chenye leseni ya biashara. Kompyuta itamsaidia siku za filamu tu, na kwa vibali vinavyotakiwa.

Ukifika dukani

1. Pima kioo. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini iliyo mkabala, bila fremu, na inchi moja ni sentimita 2.54. Runinga ya inchi 43 iwe na takriban sentimita 109. Zamani nguo ilipimwa kwa mkono, na mwenye mkono mrefu alipata zaidi; leo futi ya fundi cherehani haina upendeleo.

2. Kama ni janja, iunganishe na simu yako hapo hapo, ufungue programu unazozitaka na ucheze video. Zipo runinga zilizoandikwa "smart" ambazo mfumo wake ni wa Android usio na idhini, na Netflix haifunguki humo. Zenye nafasi ndogo ya kuhifadhi, kama GB 8, hujaa upesi na kuwa nzito.

3. Omba iunganishwe na antena, utafute stesheni mwenyewe kwa rimoti.

4. Hesabu matundu ya HDMI. Yasipungue mawili: moja la king'amuzi, jingine la kompyuta au kisanduku.

5. Kwa kompyuta iliyotumika, izime na kuiwasha mara mbili, angalia kama ina tundu la HDMI, sikiliza feni, na hakikisha haina nywila ya mmiliki wa awali. Kwa mpakato, chomoa chaja uone betri inadumu kwa muda gani.

6. Mweleze muuzaji kazi unayoitaka, si jina la chapa pekee. Sema: "Nataka runinga itakayopokea stesheni za bure kwa antena bila king'amuzi, na kufungua YouTube." Kisha mwombe aandike maneno hayo kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana.

Haki zako

Sharti hilo la sita lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi mahususi anayoitaka na kuutegemea utaalamu wake, kuna hali ambamo sheria inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayoifaa kazi hiyo. Lakini maneno ya mdomo husahaulika siku ya mgogoro. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dai risiti ya EFD, yenye jina la bidhaa na kiasi halisi ulicholipa, na uitunze pamoja na karatasi ya dhamana na boksi. Dhamana isiyo na tarehe, muhuri wa duka na namba ya kifaa inaweza isikusaidie siku ya kuidai.

Bidhaa ikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji, ukiwa na risiti na bila ugomvi, na umwachie malalamiko yako kwa maandishi. Asipokusikiliza, zipo taasisi za umma. Kwa udanganyifu katika biashara na bidhaa bandia, ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa ubora na usalama wa bidhaa, ni Shirika la Viwango Tanzania. Kwa vifurushi, ving'amuzi na huduma za utangazaji, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Usikae kimya kwa kudhani hasara yako ni ndogo. Malalamiko ya mtu mmoja huweza kuwaokoa mia wanaokwenda kununua duka hilo hilo wiki inayofuata.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zetu, hatukuja kuwaambia mnunue chapa gani, wala si kazi yetu. Tumekuja kuwaomba mbadili mpangilio wa maswali. Bei iulizwe mwisho. Kwanza ulizeni vipindi vitatoka wapi, nani atatumia, umeme na kifurushi vitagharimu kiasi gani kila mwezi, na baada ya miaka mitano kitakachobaki ni nini. Mwenye majibu hayo mkononi ataingia dukani akiwa na utulivu, na maneno matamu hayatamyumbisha.

Sasa tunakaribisha maswali.